Utumwa haukuisha siku moja: jibu kwa mwalimu wa Pangani

SWALI: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Pangani. Nilitaka tuwe na siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa, mwenzangu mmoja akasema hayo ni mambo ya watalii na tutatonesha vidonda vilivyokwisha kupona. Wiki hiyohiyo mwanafunzi mmoja akasema darasani kwamba bibi wa babu yake aliletwa pwani akiwa mtumwa. Darasa zima likaangua kicheko. Kuna faida gani kukumbuka mwisho wa jambo ambalo hata waliotendewa hawakutaka litajwe? Na tukikumbuka, tushike tarehe ipi?

JIBU: Nianze na kicheko, Mwalimu, maana ndani yake mna nusu ya jibu. Mwanafunzi angesema babu yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapigana Burma, wenzake wangenyamaza kwa heshima. Huyu kasema mzee wake aliibwa, akatembezwa kwa miguu hadi pwani, akauzwa, akalima shamba la mtu, na juu ya yote hayo akaacha kizazi kilichofika sekondari. Anachekwa. Aibu imemkalia aliyeibwa, na aliyeiba na aliyenunua hawana habari nayo. Mwenzako anasema kidonda kimepona. Kilichopona hakichekwi namna hiyo. Kilifunikwa tu na kitambaa, hakijawahi kuoshwa.

Wazee walionyamaza siwalaumu hata kidogo. Walijua wanachokikwepa. Sheria ilipobadilika, neno halikubadilika. Posa ikipelekwa, ukoo unaulizwa. Watu wakigombana kisimani, neno linachomolewa. Kumwambia mtoto "sisi ni watu wa hapahapa" badala ya "mama yangu aliletwa kutoka upande wa Nyasa akiwa hajaota meno ya pili" ilikuwa ngao, na iliwakinga wengi. Ila ngao ina gharama yake: wajukuu wamerithi ukimya bila kuambiwa sababu, na mtu asiyejua sababu ya ukimya huona ni aibu.

Sasa tarehe. Hapa ndipo swali lako linaponoga, kwa sababu pwani yetu utumwa uliisha mara nyingi, kila mara nusunusu.

Wengi watakutajia 5 Juni 1873. Siku hiyo Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na John Kirk, konseli wa Uingereza, baada ya kutishiwa kwamba manowari zitaizingira Unguja. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale. Habari nzuri, na picha yake inapendeza. Lakini kilichopigwa marufuku ni kusafirisha watu kwa bahari na kuwauza sokoni. Kumiliki mtumwa kulibaki halali kabisa. Aliyelala mtumwa usiku wa tarehe 5 aliamka mtumwa tarehe 6, akachukua jembe lake akaenda shambani.

Tena kwenu Pangani mambo yalizidi kuwa mabaya. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeiangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na Pemba ikawa inataka watu wa kuchuma. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara wakawapitisha mateka nchi kavu: kutoka Kilwa wakifuata pwani kuja kaskazini, mpaka mtoni kwenu na fukwe za jirani, kisha usiku madau yakawavusha kwenda Pemba. Ndiyo maana Barghash akalazimika mwaka 1876 kutoa amri nyingine ya kupiga marufuku misafara ya nchi kavu. Mkataba uliosifiwa London ulikuwa umeongeza nyayo kwenye mchanga wa Pangani.

Na katika mwaka huohuo wa 1873 lipo jambo la kwenu ambalo kila nikilifikiria nashangaa kwa nini halifundishwi kabla ya Barghash na Kirk. Watumwa wa mashamba ya miwa ya bonde la Pangani walitoroka kwa wingi, wakajijengea makazi yenye boma mahali palipoitwa Makorora. Askari wa Sultani walitumwa kuwarudisha, wakashindwa kuivunja ngome ile. Kwa lugha ya wakati ule watu hawa waliitwa watoro, na mpaka leo mtoro ni mtoto anayekimbia shule. Hao hawakukimbia kazi. Walikimbia kumilikiwa. Kenya nako walikuwako: Fuladoyo, nyuma ya Malindi, ilikuwa kijiji cha watoro, na wengine walijazana kwenye misheni ya Rabai hata ikabidi tarehe 1 Januari 1889 Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iwalipe mabwana, na watoro zaidi ya elfu moja wakapewa barua za uhuru kwa mpigo.

Kwa hiyo kabla hujachagua tarehe, amua unamkumbuka nani: waliotia saini mezani au waliojenga boma porini. Hilo ndilo jibu langu kwa mwenzako anayesema haya ni mambo ya watalii. Yanakuwa mambo ya wageni tukiyasimulia kama zawadi iliyotoka melini. Tukiyasimulia kama kazi ya watoro, ya waliojikomboa kwa akiba yao, ya waliokwenda mahakamani wakasimama mbele ya kadhi na bwana wao akiwepo, yanakuwa yetu.

Tarehe ya pili ni 6 Aprili 1897. Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa amewekwa kitini na Waingereza baada ya kuipiga Unguja kwa mizinga Agosti 1896, alitoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba hazitatambua tena hali ya utumwa. Isome vizuri amri hiyo na wanafunzi wako, usiridhike na kichwa chake. Uhuru haukumfuata mtu nyumbani, ilibidi yeye auendee mahakamani. Bwana aliyepoteza mtumwa aliruhusiwa kudai fidia serikalini. Aliyeachwa huru hakupewa kitu, na alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Zaidi ya hayo, masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa na bwana kama wake, hawakuhesabiwa. Mwanamke aliyekuwa suria ilimbidi angoje mpaka 1909.

(Msidhani ubahili huo ulianzia Unguja. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, na deni la mkopo ule lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti.)

Pwani ya Kenya sheria ilikuja 1907. Na sisi wa Tanganyika? Wajerumani hawakuufuta. Walitoa barua za uhuru kwa maelfu, wakamruhusu mtumwa ajinunue kwa fedha yake mwenyewe, wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru, basi. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wape wanafunzi hesabu hii ubaoni: mtoto aliyezaliwa utumwani Pangani mwaka 1904 alikuwa na miaka 18 sheria ilipotoka, na 57 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa. Aliiona. Huenda alicheza ngoma usiku ule. Hapo ndipo wale waliocheka watakapoanza kuhesabu miaka ya mabibi zao wenyewe, kimyakimya.

Nitakwambia kitu kimoja ambacho wanahistoria tunakipita haraka mno, nacho kiko mdomoni mwetu kutwa. Neno kibarua ni barua ndogo. Katika miji ya pwani mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya kutwa, kupakua shehena au kubeba mawe, alipewa kijikaratasi. Jioni alikirudisha, akapokea ujira, na sehemu ya ujira akampelekea bwana. Karatasi ikampa jina lake mbebaji, kisha kazi yenyewe ikaitwa kibarua, na leo msomi mwenye shahada anaomba Mungu kibarua chake kisiote nyasi. Mwungwana, ambaye leo ni mtu mpole mwenye adabu, alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Na uhuru, kabla halijawa neno la TANU na la 9 Desemba, lilikuwa neno la mtu mmojammoja: fulani ameachwa huru, ameandikiwa barua yake. Taifa liliazima neno kutoka kwa watumwa. Sioni namna ya kuadhimisha hilo la pili kila mwaka kwa gwaride na kulisahau la kwanza.

Angalia na nguo. Wanawake watumwa walivaa kaniki, kitambaa kizito cheusi au cha buluu iliyokoza, kilichofungwa chini ya makwapa. Kufunika kichwa hakukuwa kwao. Baada ya 1897 wale wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, wakaanza kununua kanga zenye rangi na kujitanda, na baadaye buibui. Hakuna aliyetoa hotuba. Mwanamke alitoka nyumbani asubuhi amejifunika kama bibi aliyemmiliki jana, akapita barabarani, na kila aliyemwona alielewa. Huyo naye alikuwa anaumaliza utumwa, tena mchana kweupe.

Kutoka katika mazingira hayo alitokea Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu 1880 kwa wazazi wenye asili ya utumwa. Alipozaliwa alipewa jina Mtumwa. Aliuza vyungu, akahamia Ng'ambo, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Wanafunzi wako wanamjua kama mwanamuziki. Waambie na jina la kwanza.

Sasa niende kwenye hofu ya mwenzako, kwa sababu si hofu ya bure. Historia hii imewahi kutumika kama rungu. Visiwani, katika siasa za kabla na baada ya 1964, utumwa ulitajwa majukwaani ili kuonyeshana vidole, na watu wasio na hatia waliumia. Kwa hiyo anaogopa kitu halisi. Ila dawa ya simulizi mbovu ni kusimulia vizuri, na kusimulia vizuri maana yake ni kuutaja mnyororo wote, si pete moja. Kule bara walikuwako machifu na wafanyabiashara wa Kiyao, wa Kinyamwezi na wengineo waliokamata na kuuza. Pwani walikuwako Waswahili na Waarabu walionunua, na matajiri wa Kihindi waliokopesha mtaji. Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa mashamba ya Mauritius na Réunion. Pembe za ndovu zilizobebwa pamoja na misafara zilikwenda kuchongwa vitufe vya piano katika viwanda vya Connecticut, Marekani. Ukiwa na mnyororo wote mezani, hakuna mtoto wa kabila moja au dini moja atakayetoka darasani akiwa amebebeshwa mzigo peke yake.

Na kusimulia vizuri ni pamoja na kukataa chumvi. Hapa nitawaudhi baadhi ya watembeza wageni, wanisamehe. Bagamoyo mnaambiwa kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Si kweli: wapagazi wengi wa njia ya kati, ile ya Bagamoyo kwenda bara, walikuwa Wanyamwezi huru, waliofanya kazi ya ujira na kujivunia safari zao. Mkunazini wageni huingizwa katika vyumba vya chini vyenye giza na kuambiwa watumwa walifungiwa humo kabla ya mnada, lakini jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni kama hospitali baada ya soko kufungwa, na wanahistoria kadhaa wanatilia shaka simulizi hiyo. Kuna haja gani ya kuongeza? Toka nje hatua chache, utazame sanamu ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998: watu watano wa saruji wamesimama ndani ya shimo, shingoni wana mnyororo halisi wa zamani. Mimi nimewahi kusimama pale na kundi la wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa wakipiga kelele tangu bandarini. Walinyamaza wenyewe. Mmoja akauliza mbona nyuso zao hazilii. Sikuwa na jibu zuri.

Umeuliza faida. Faida ninayoweza kukuonyesha kwa macho iko karibu na wewe kuliko Unguja. Miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga Wazigua, na wengi waliuzwa au walijiuza pwani ili wasife. Walipelekwa Somalia kulima mashamba ya mto Shebelle. Huko wakatoroka kwa makundi, wakafika bonde la Juba, wakajenga vijiji na kujilinda kwa silaha. Kizigua hawakukiacha. Walikizungumza, wakawasimulia watoto walikotoka, na vizazi vikapita. Vita vya Somalia vilipozuka miaka ya 1990, baadhi yao wakaja kusini, wakafika mkoa wa Tanga wakizungumza na Wazigua wa Handeni bila mkalimani. Wakapewa ardhi Chogo, na wengi baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 ya kukumbuka bila kitabu wala mnara. Kama mabibi wale wangeamua kwamba jambo hilo lisitajwe, wajukuu wao wasingejua pa kukimbilia.

Nchi nyingine nazo zimegombania tarehe, na ugomvi wao unatufundisha. Brazili ina 13 Mei 1888, siku binti mfalme alipotia saini sheria ya kufuta utumwa. Wabrazili weusi wakasema hapana, sisi tunaikumbuka 20 Novemba, siku aliyouawa Zumbi mwaka 1695, kiongozi wa watoro wa Palmares, na sasa hiyo ndiyo sikukuu ya taifa zima. Umoja wa Mataifa una 2 Desemba, lakini UNESCO ilichagua 23 Agosti kwa sababu usiku wa 22 kuamkia 23 Agosti 1791 watumwa wa Haiti waliinuka wenyewe. Mauritius, ambako watu wengi wa pwani yetu na Msumbiji walipelekwa, hupumzika kila 1 Februari kukumbuka 1835, na mlima Le Morne walikojificha watoro wao umewekwa katika urithi wa dunia tangu 2008.

Kwa shule yako ningeshika 23 Agosti kama kalenda yenu ya masomo inaruhusu, kwa kuwa inatambuliwa duniani na inawatanguliza watumwa wenyewe. Ikishindikana, 6 Aprili inafaa, mradi amri isomwe pamoja na vifungu vyake vibaya. Wala usihangaike na mgeni rasmi na maturubai. Wape wanafunzi maneno kibarua, kaniki, mtoro, mwungwana na uhuru, waende wawaulize wazee maana zake za zamani. Chora ramani ya njia ya Kilwa hadi Pemba na kuweka alama mahali shule yenu ilipo. Kama yuko mzee anayejua Makorora ilikuwa wapi, nendeni kwa miguu.

Jambo moja usilifanye: usimwambie mwanafunzi yeyote aseme mbele ya wenzake ukoo wake ulikuwa upande gani. Wengi hawajui, na wengi wana pande zote mbili ndani ya nyumba moja, mama mkuu akiwa suria na baba mkuu akiwa bwana wake.

Na yule mwanafunzi aliyechekwa, mwite pembeni kabla ya siku yenyewe. Usimpe pole, atadhani ni msiba. Mwulize kama nyumbani wanalijua jina la bibi yule, jina alilopewa na wazazi wake, si lile la pwani, maana walionunuliwa mara nyingi walibatizwa upya wakaitwa Feruzi, Mabruki, Faida au jina la siku waliyofika. Kama wanalijua, aliandike. Kama hawalijui, mwulize kuna nani bado yuko hai wa kuulizwa, na ampelekee salamu zako Jumamosi hii, maana wazee hawa hawangoji Agosti.